Diskasheni za jioni zinazoongozwa na wanafunzi wenyewe: dogo ategemee nini?

#1 Dukani Tabata
Wakuu, naombeni mawazo. Mdogo wangu kaanza mwaka wa kwanza, anasoma uhasibu chuo kimoja hapa Dar. Kumbe kuna vipindi vya jioni ambavyo si vya mhadhiri wala si semina. Anayeviongoza ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyelifaulu vizuri somo hilo. Dogo kaenda, karudi kanuna. Anasema yule kiongozi hafundishi, ukimuuliza swali anakurudishia swali. Sasa anataka aache, hela ya nauli akanunulie madesa, zile notsi za kutoa kopi, pale steshenari.

Mimi chuo sikupita, niko na duka langu. Hivi vikao ni vya kwenda au ni kupotezeana muda? Na mtu akienda ategemee kupata nini hasa?

#2 Msuli Mstaafu
Kama anategemea lekcha ya pili, ataona kila siku anaibiwa. Diskasheni unaenda na ulichokwama nacho. Umesoma, umejaribu swali, umefika mahali kalamu imegoma, hapo ndipo unapopeleka. Ukienda mtupu utarudi mtupu, na nauli imeshaliwa.

#3 Zege na Soda
Tuwe wakweli, diskasheni nyingi za jioni ni ofisi za kutafutia wachumba. Wanne wanasoma, sita wanaangaliana.

#4 Binti wa Gongo la Mboto
Zege, wewe ulikuwa kwenye wale wanne au wale sita?

#5 Zege na Soda
Nilikuwa naleta chipsi. Kila kundi lazima liwe na waziri wa ugavi.

#6 Kalamu Nyekundu
Dukani, dogo wako hajaonewa. Ule mfumo umetengenezwa hivyohivyo makusudi, umetoka Harvard. Kiongozi hatakiwi kutoa jibu.

#7 Bibi Maktaba
Kalamu, Harvard hapana. Pale kuna Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, ambaye miaka ya 1990 alijulikana kwa kusimamisha lekcha katikati, anauliza swali, wanafunzi wanapiga kura ya jibu kisha wanabishana wao kwa wao kabla hajaendelea. Lakini kile ni kipindi cha mhadhiri mwenyewe.

Hiki anachokieleza Dukani kinafanana zaidi na kilichoanzishwa na Deanna Martin mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Missouri pale Kansas City, kwa wanafunzi wa fani za afya kwanza. Kiongozi ni mwanafunzi aliyelipita somo kwa alama nzuri. Anarudi kukaa darasani na wanaolisoma sasa, anasikiliza lekcha zilezile na kuandika dondoo kama wao, halafu jioni anaendesha kikao. Wazo kubwa la yule mama ni kwamba halengwi mwanafunzi dhaifu, linalengwa somo gumu. Unachagua somo linaloangusha watu wengi kila mwaka, unafungua mlango kwa darasa zima, anayeongoza kwa alama na anayeburuza mkia wote wanakaa meza moja. Hakuna anayeona aibu kuingia, maana kuingia hakumaanishi umefeli.

Hapa Afrika upo pia. Chuo Kikuu cha Nelson Mandela kule Afrika Kusini kinaufanya kwa miaka mingi na kinafundisha vyuo vingine namna ya kuuendesha.

Halafu upo wa City College ya New York, nao wa miaka ya 1990, ulioanza na somo la kemia. Wenyewe wana vikundi vya watu sita hadi wanane, kila wiki, kiongozi yuleyule, na maswali yameandaliwa ili mtu mmoja asiweze kuyamaliza peke yake kirahisi. Kule mahudhurio ni sehemu ya somo. Ule wa Kansas City anayetaka anakuja, asiyetaka analala.

#8 Kalamu Nyekundu
Sawa Bibi, Harvard narudisha kabatini. Ila hoja yangu ya kutotoa jibu iko palepale.

#9 Sigma Ubungo
Bibi, hapo ulipoandika "anayetaka anakuja" ndipo shida yangu inapoanzia. Kila ukisoma ripoti za vikao hivi unakuta waliohudhuria wana wastani mzuri kuliko wasiohudhuria. Sawa. Lakini nani huwa anahudhuria? Yule ambaye hata bila kikao angekesha na kitabu. Wanaofanya tafiti huwa wanajitahidi kulinganisha watu waliokuwa na alama sawa walipoingia chuo, lakini hamu ya kusoma haina cheti cha kidato cha sita. Utaipimia nini?

Sisemi havisaidii. Nasema anayeniambia "walioenda wamefaulu kwa sababu walienda" bado hajanishawishi.

#10 Bibi Maktaba
Ubishi halali huo Sigma, na watafiti wenyewe bado wanabishana hapohapo. Lakini msome na Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miaka ya 1970 alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi wanaanguka kwenye kalkulasi, tena wengine walitoka sekondari wakiwa vinara. Hakukuta uvivu wala hamu ndogo. Walikuwa wanasoma sana, ila kila mtu chumbani kwake. Wenzao wenye asili ya China walikuwa wanasoma peke yao kwanza, halafu wanakutana kukaguana, na humo wanajua mwenzao kakwama wapi na mhadhiri anapenda kutega vipi. Treisman akafungua warsha, na hakuwapa mazoezi mepesi ya kuwahurumia. Aliwapa magumu kuliko ya darasani. Alama zao zikapanda.

Kwa hiyo hamu walikuwa nayo tayari. Kilichoongezwa ni watu.

#11 Sigma Ubungo
Au kilichoongezwa ni saa nyingi za kufanya maswali magumu. Wape saa hizohizo na maswali hayohayo kila mtu chumbani kwake, ndipo tulinganishe.

#12 Msuli Mstaafu
Sigma, ukioa utamtaka bibi harusi alete kundi la kulinganishia.

#13 Mwanashule ya Kata
Mimi naona nyote mnapita pembeni. Kwetu siri ni lugha. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikarushwa kwenye Kiingereza, chuo nikakuta mhadhiri anakwenda mwendo wa treni ya SGR. Swali ninalo kichwani kabisa, lakini kunyanyua mkono mbele ya watu mia tatu na kulitamka kwa Kiingereza? Nilikuwa nanyamaza. Kwenye kimbweta, vile viti vya zege vya kusomea nje, nilikuwa nauliza, "Jamani hii elastisiti ya mahitaji ina maana gani mtu akipandisha bei ya unga?" Ananijibu mwenzangu kwa mfano wa unga hapo Manzese, naelewa. Sikuona kipya alichosema kumzidi mhadhiri, zaidi ya kwamba yeye nilimwelewa.

#14 Kalamu Nyekundu
Mwanashule, kwetu hiyo ndiyo ilitumaliza. Tulikuwa tunaelewana kwa Kiswahili hadi raha, tunacheka, tunapigana tano. Siku ya mtihani swali limekuja kwa Kiingereza, "eleza kwa ufupi", mtu anajua kila kitu na hana sentensi hata moja ya kuandika. Kiswahili cha kuelewa, sawa. Lakini dakika za mwisho za kikao kila mtu aandike jibu kwa lugha ya mtihani, mwenzake alisome. Kundi lisilofanya hivyo linajidanganya.

#15 Mwanashule ya Kata
Sipingi. Ila kwanza nielewe ndiyo niandike. Ninyi mnaoanza na kuandika ndiyo mnaokariri.

#16 Fundi Mizania
Turudi kwa dogo wa uhasibu. Mimi naamini kiongozi anayejua somo anapaswa kuonyesha hatua, basi. Kumzungusha mtu na maswali ni mbwembwe. Mfano uchakavu, yaani thamani ya mali inavyoshuka kila mwaka, kwa njia ya salio linalopungua: mashine ya 10,000,000, kiwango asilimia 20. Mwaka wa kwanza 2,000,000, wa pili 1,600,000, wa tatu 1,200,000. Mistari mitatu, kila mtu kaelewa, tunaenda nyumbani. Kuna haja gani ya kuulizana "unaonaje"?

#17 Kiongozi wa Jumatano
Fundi, mwanzoni mwa mwaka wa tatu mashine ina salio kiasi gani?

#18 Fundi Mizania
Toa 2,000,000, toa 1,600,000. Inabaki 6,400,000.

#19 Kiongozi wa Jumatano
Na asilimia 20 yake?

#20 Fundi Mizania
1,280,000. Umenivizia wewe.

#21 Zege na Soda
Hahahaaa, Fundi kageuzwa dogo wa Dukani kweupe!

#22 Kiongozi wa Jumatano
Ni kosa ninalokutana nalo kila muhula, hasa kwa watu wenye akili. Wanaona namba imeshuka kwa 400,000, wanaendelea kushusha kwa 400,000. Ukiwaandikia 1,280,000 ubaoni watainakili na kosa litabaki kichwani, maana hawajaona limeingilia wapi. Ukiuliza salio, wanalikamata wenyewe.

Ninaongoza vikao hivi kwenye chuo kimoja hapa mjini, kwa hiyo Dukani ngoja niseme vilivyo. Sina mtihani mkononi na siujui. Sisahihishi kazi ya mtu na siripoti kwa mhadhiri fulani kafanya nini. Lekcha naingia tena. Swali likiulizwa tumeelekezwa kulirudisha kwa kundi, kisha kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Watu wanakutazama kama umeishiwa, mwingine anaanza kukusanya daftari. Ukivumilia kidogo kuna mtu atajaribu. Na akijaribu vibaya ndiyo kikao kimeanza, kwa sababu wengine watatu walikuwa na kosa hilohilo na sasa wana ujasiri wa kulitetea.

Lakini wapo wenzetu wanaotumia kurudisha swali kuficha kwamba hawajajiandaa. Huyo ukimuuliza anakurudishia, kundi likikwama naye amekwama, na mwisho wa kikao hakuna jibu lolote mezani. Dogo amwangalie kiongozi wake. Kikao kikiisha kosa likiwa bado linaning'inia, na halikufuatwa hata wiki inayofuata, hapo malalamiko yake ni ya kweli.

#23 Fundi Mizania
Nimekuelewa ila sijakubali. Wewe umenibana mimi mtu mmoja tena mwenye kujua njia. Leta watu arobaini wasiojua hata daftari la hesabu linafunguliwa upande gani, uwarudishie maswali. Mtakesha.

#24 Kiongozi wa Jumatano
Arobaini si kikao, ni mkutano wa hadhara. Wakizidi ishirini nawagawa, kila kona na swali lake.

#25 Pasaka ya Mapema
Kwetu kiongozi alianza vizuri. Ilipokaribia testi ya kwanza akaja na bahasha ya pasti pepa zilizotatuliwa, shilingi elfu mbili nakala moja, asiyenunua anaambiwa "utajaza mwenyewe". Kikao kikawa genge. CR, mwakilishi wa darasa, akapeleka malalamiko idarani, jamaa akaondolewa, na vikao navyo vikafa hapohapo. Tuliobaki tukarudi kwenye kundi la WhatsApp, mtu anatuma sauti ya dakika tisa kueleza kitu cha dakika moja.

#26 Binti wa Gongo la Mboto
Mtu ataniambia tu kwa nini vikao vyote vinawekwa saa kumi na mbili jioni. Anayelala hosteli anateremka ngazi amefika. Mimi kikao kikiisha saa mbili usiku ndiyo kwanza naanza kugombania gari Posta, halafu nishuke nitembee kwenye kile kichochoro chetu kisicho na taa. Nilikuwa naondoka katikati, na kila mara wanafika kwenye swali gumu mimi niko kituoni. Mkisema asiyehudhuria hana hamu, mniulize na mimi.

Sigma, hiyo nayo uiweke kwenye ulinganisho wako.

#27 Sigma Ubungo
Naiweka dada, na inanisaidia. Inawezekana waliofaulu ni wanaokaa karibu na chuo tu.

#28 Mzee wa Kilima
Vijana, diskasheni si jambo la leo. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sisi tulikuwa na makundi yetu, hakuna aliyetupangia wala kutupa kiongozi. Aliyejua sheria ya mikataba alifundisha mikataba, kesho mwingine anafundisha jinai. Kila mmoja alibeba mada moja na ole wako uje hujaandaa. Hiki cha kuteuliwa kiongozi kinawafanya wengine wawe abiria.

#29 Zege na Soda
Mzee shikamoo. Hiyo ilikuwa enzi zile chuo kiko Mtaa wa Lumumba?

#30 Mzee wa Kilima
Marahaba. Lumumba ni 1961, Mlimani wakahamia 1964, na mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Heshimu mvi, usizizidishie.

#31 Msuli Mstaafu
Mzee kagusa penyewe. Kundi letu la kugawana mada lilitutoa salama, lakini lilikuwa na ugonjwa wake. Kila mtu aliijua mada yake kama sala, zile nyingine alizijua kwa kusikiasikia. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikija na mada ya mwenzako unaanza kukumbuka sauti yake badala ya hoja. Mmoja wetu alikula sapu, mtihani wa marudio, kwa somo ambalo tulikutana kulisoma kila wiki, tena ndiye aliyekuwa anatunza daftari la mahudhurio.

#32 Mwanashule ya Kata
Huyo alikuwa mtendaji wa kijiji, hakuwa mwanafunzi.

#33 Dukani Tabata
Asanteni wote, nasoma huku nahudumia wateja. Jana nimembana dogo. Kweli huwa anaenda bila kugusa swali lolote, anasubiri waanze wenzake. Lakini naye ana lake. Anasema kiongozi anazungumza na watatu wa mbele ambao alisoma nao sekondari moja, wa nyuma wakisema jambo linapita kama upepo. Na wale watatu wakipatia anawasifu, wakikosea anacheka nao. Hapo nimkemee dogo au nimtetee?

#34 Kiongozi wa Jumatano
Vyote viwili. Aende na swali moja aliloshindwa, na karatasi inayoonyesha aliposhindwa, asiseme tu "sijaelewa mada yote". Halafu akae mbele. Kiongozi akiendelea na watatu wake, yupo mratibu, huwa ni mhadhiri au mtu wa ofisi ya taaluma, na kazi yake mojawapo ni kuja kukaa nyuma ya kikao na kuangalia. Amwambie. Si kusemelea huko.

#35 Fundi Mizania
Mratibu gani huyo anayekuja saa kumi na mbili jioni? Labda Kansas City.

#36 Kalamu Nyekundu
Mimi nina swali pembeni. Viongozi hawa wanalipwa? Maana kama ni kujitolea, ndiyo hayo ya Pasaka ya kuuza pasti pepa.

#37 Bibi Maktaba
Marekani kwa kawaida wanalipwa kwa saa kama kibarua cha chuo. Kuna nchi wanapewa cheti au wanaandikiwa kwenye rekodi zao za masomo. Na kuna wanaosema faida kubwa anaipata kiongozi mwenyewe, hata asipolipwa, maana kulirudia somo kwa kulieleza kunamfanya alijue kuliko alipolifanyia mtihani.

#38 Zege na Soda
Kwa hiyo Jumatano anasoma bure kupitia vichwa vyetu na bado anataka posho.

#39 Kiongozi wa Jumatano
Sisi hatulipwi. Tunapewa maji ya chupa, na siku nyingine hayaji.

#40 Sigma Ubungo
Mnaona sasa. Kama anayefaidika ni kiongozi, basi kila mwanafunzi awe kiongozi kwa zamu, turudi kwenye mfumo wa Mzee wa Kilima.

#41 Msuli Mstaafu
Na sapu yake.

#42 Pasaka ya Mapema
Mnabishania kikao bora wakati wengi hukutana siku mbili kabla ya UE. Hapo hata umlete huyo Treisman mwenyewe hakuna kitu. Kwenye kozi nyingi alama 40 zako za testi na kazi za nyumbani zimekupita, unakuja kupigania 60 za mwisho kwa usiku mmoja. Kundi la dharura linasaidia kitu kimoja tu, kujua wengine nao hawajasoma, mkalale kwa amani.

#43 Binti wa Gongo la Mboto
Umesema kweli lakini usidharau hiyo amani. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mimi peke yangu nisiyeelewa, nikawa nawaza kuacha chuo. Kikao cha kwanza nilichokaa hadi mwisho nilimkuta binti aliyekuwa anaongoza testi naye anauliza swali langu lilelile. Kalkulasi sikuijua siku ile. Ila sikuacha chuo.

#44 Fundi Mizania
Hiyo nakubali bila kurudishiwa swali.

#45 Dukani Tabata
Dogo yuko hapa pembeni, anauliza: yule wa Jumatano anaongoza chuo gani? Anataka kuhamia kikao chake.

#46 Kiongozi wa Jumatano
Chuo sikitaji humu, na kikao ni cha wanaolisoma somo lile kwa mhadhiri yule, ndiyo maana naingia lekcha zake. Akija wa chuo kingine tutakuwa tunasoma sura tofauti. Ila mwambie afanye hili la uchakavu: mashine hiyohiyo ya 10,000,000, iuzwe mwisho wa mwaka wa tatu kwa 5,000,000. Kuna faida au hasara, na ni kiasi gani? Asitume jibu, atume hatua.

#47 Zege na Soda
Hasara 120,000. Niliwaambia kwenye chipsi nilikuwa nasikiliza.

#48 Kiongozi wa Jumatano
Zege, umeambiwa hatua.

#49 Dukani Tabata
Mteja kaja, dogo kashika kalamu. Atawajibu usiku.